Nikisalimia kwenye treni wananitazama kama nimekuja kuwadai

Haya jamani, mwezi huu barua ni Ulaya Ulaya tu, nadhani wengine mmerudi na wengine ndo mnajipanga. Nimechagua tatu. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi nilikaa Köln, Ujerumani, miaka sita, nafanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na kila nikipata siku mbili za mapumziko nilikuwa napanda treni naenda kushangaa mji wa watu. Ninachojibu hapa ni nilichokiona mwenyewe na kilichonitoa hela mfukoni.

SWALI: Dada shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 29, mwezi wa sita mwaka jana kaka yangu aliniita Köln nikakaa wiki tatu, tukatembea mpaka Brussels, Paris na Amsterdam. Namshukuru Mungu nimefika, picha ninazo, ila nimerudi na kitu kinanikera mpaka leo. Kule watu hawasalimiani! Mi nimelelewa ukiingia mahali palipo na watu unawajulia hali, sasa siku ya kwanza nimeingia kwenye treni nikasema "Hallo" kwa behewa zima, wakanitazama kama nimekuja kuwadai, na mama mmoja akavuta pochi yake akaikumbatia. Paris nikaingia duka la mikate nikasema kwa adabu zote naomba ule mkate pale, yule dada wa kaunta akanuna, akanipa kama ananitupia, halafu mzee aliyekuwa nyuma yangu akachekewa mpaka jino la mwisho. Amsterdam nikatukanwa na mtu wa baiskeli, alichosema sikukielewa ila kwa uso wake haikuwa dua. Brussels peke yake ndo nilijisikia mtu. Kaka anasema nizoee tu, eti ni ubaguzi. Wewe uliyekaa, ni ubaguzi kweli au ni mimi nilikosea? Kijana wa Chumbageni, Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Vyote viwili vipo, na ukivichanganya utateseka bure, kwa hiyo tuvitenganishe.

Tuanze na hiyo treni. Mi pia nilidhani Wajerumani hawana salamu, nikaamini hivyo kama miezi mitatu hivi, mpaka siku nilipoumwa jino. Nimekaa pale nasubiri kwa daktari, chumba kidogo, viti nane, kila anayeingia anasema "Guten Tag" kwa wote, na wote wanajibu, hata waliokuwa wameficha uso kwenye gazeti, na anayetoka anaaga. Nikabaki mdomo wazi. Kumbe wanasalimiana vizuri tu! Kwenye lifti ya nyumba yetu walikuwa wanasalimia, kazini ikifika saa sita mchana mnapishana koridoni kila mtu anasema "Mahlzeit", yaani kama kusema chakula chema, hata kama huyo mtu umemuona asubuhi mara nne. Wana mahali pa salamu na mahali pa kunyamaza, basi. Na treni ni mahali pa kunyamaza, tena kuna mabehewa yameandikwa kabisa kwamba humu ni utulivu, ukipokea simu humo utaangaliwa na watu ishirini kwa mpigo. Wewe ulivyowasalimia behewa zima ni kama mtu aje amsalimie mwenzake aliye chooni. Salamu haina ubaya, ila pale sio pake, aliye ndani atashtuka kwanza.

Sasa Paris mdogo wangu hapo ulikosea wewe, nisikufiche. Barua yako umeandika ulisema "naomba ule mkate", hujaandika ulisema "Bonjour". Na huyo mzee wa nyuma yako nina hakika alianza na Bonjour ndo akaagiza. Paris ukiingia duka lolote, liwe la mikate au la dawa, hata ukipanda basi, unaanza na Bonjour, na jua likizama unabadilisha unasema Bonsoir, usiposema wewe kwao ni mtu usiye na malezi hata ukiongeza "tafadhali" kumi mbele. Mi nilijifunza stesheni ya Gare du Nord, nimeshuka na begi langu nimechoka nikamsogelea baba mmoja nikamuuliza metro iko wapi, yule baba akasimama, akanitazama, akasema "Bonjour", akanyamaza. Nikarudia swali. Akarudia "Bonjour". Nilikaribia kuondoka kwa hasira ndo nikastuka, nikasema Bonjour Monsieur, uso ukafunguka hapohapo, akanibebea begi mpaka kwenye ngazi. Sasa niambie hiyo ina tofauti gani na kwetu? Mtu aje dukani kwa mama yako pale Chumbageni aseme "nipe sukari nusu" bila habari za asubuhi, mama si atampa sukari na jicho? Kwa upande huo Wafaransa ni ndugu zako kabisa kuliko hao wa Köln, ila watu wengi wetu tunawaona wana maringo kwa sababu tunaingia na Kiingereza chetu moja kwa moja kwenye shida yetu.

Amsterdam haina mjadala, ulisimama kwenye njia ya baiskeli. Ile lami nyekundu unayoiona pembeni ya barabara, wewe ukadhani ni urembo, ile ni ya baiskeli na wao kwenye ile njia hawana mzaha, anakuja kasi, mkono mmoja kashika mwavuli, nyuma kapakia mtoto, akikukuta umesimama unapiga picha ya mfereji lazima akupe la moyoni. Usichukulie kama umetukanwa kwa rangi, hata mzungu wa Marekani anatukanwa vilevile, nimeshuhudia. Na Waholanzi kwa ujumla wanasema walichofikiri. Rafiki yangu wa kule nilimpikia pilau nikamuuliza vipi, akasema "wali mzuri, nyama ngumu". Kwetu hiyo ni kesi ya ukoo. Kwake ilikuwa jibu la swali nililouliza, na sahani mbili alikula. Ila birthday zao sasa, mh! Mnakaa duara kwenye viti, kila anayeingia anazunguka kumpa hongera sio mwenye birthday tu, anampa hongera mama yake, baba yake, shangazi, jirani, kila mtu mkono, halafu kahawa na kipande kimoja cha keki. Mi duara hilo lilinikumbusha nyumbani, tatizo lilikuwa kile kipande kimoja.

Brussels ulijisikia mtu kwa sababu nina uhakika kaka yako alikupeleka Matonge, pale Ixelles karibu na Porte de Namur. Mtaa umepewa jina la mtaa wa Kinshasa, kuna saluni za kusuka, kuna vitenge, mihogo, samaki wa kukaushwa, na tangu 2018 kuna uwanja mdogo hapo jirani wenye jina la Patrice Lumumba. Kilingala ndo kinatawala ila ukikaa kidogo utasikia na Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi, mi mama mmoja muuza mboga aliniuliza "uko natafuta nini, mama?", nikataka kulia, na wala sio kwa shida. Halafu kuna kingine nadhani kinasaidia. Brussels wenyewe wana lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, kila kibao cha mtaa kimeandikwa mara mbili, kwa hiyo mtu akikutana na wewe hana uhakika aanze na ipi, ule wasiwasi unamfanya awe mpole. Hayo ni mawazo yangu, usiyapeleke chuo kikuu. (Ila lugha mbili hizo ziliwahi kunikosesha treni! Nilikuwa Antwerp natafuta treni ya kwenda Lille, ubaoni hakuna Lille, kumbe upande huo Lille wanaiita Rijsel, Mons wanaiita Bergen, na Köln yangu mwenyewe ni Keulen, jina linabadilika kufuatana na umesimama sehemu gani ya nchi.)

Haya, sasa na huo ubaguzi. Upo, na anayekuambia haupo hajapanda treni na ngozi yako. Mara moja natoka Brussels narudi Köln, wameingia askari wawili, wamepita behewa lote, wamesimama kwangu tu, pasipoti, kibali, unaenda wapi, kwa nani, na pembeni yangu kakaa kijana mzungu kalala na viatu juu ya kiti, yeye hakuguswa. Hiyo sio utamaduni, usimruhusu mtu akuite mshamba eti hujaelewa desturi. Mi kipimo changu kilikuwa hiki, nafanya adabu yao kama wanavyoifanya wao, kama baada ya hapo uso bado umefungwa kwangu mimi peke yangu, najua nimekutana na nini, nageuka naondoka na siku yangu. Kwa kipimo hicho yule dada wa mikate namtoa. Mtu wa baiskeli namtoa. Yule mama aliyekumbatia pochi, hapana, huyo simtetei.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa Lindi, mwalimu mstaafu. Binti yangu anasoma Berlin, ameniita mwezi wa tisa siku 12. Nataka nikifika huko niione Ulaya yote mara moja maana sitarudi tena, Berlin, Amsterdam, Brussels, Paris na London ya haraka haraka. Ameshanitumia ratiba za treni, moja imeandikwa 06:10 nikamwambia saa sita ni saa nzuri nitakuwa nimeshakunywa chai, akacheka sana. Je, visa moja inatosha kote huko? Na huko Berlin kwenyewe kuna nini cha kuangalia zaidi ya ule ukuta wao?

JIBU: Mama yangu, shikamoo. Binti asikucheke, hiyo ya saa imetukuta wote. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane kwenda mpaka 24, kwa hiyo 06:10 ni saa kumi na mbili na dakika kumi alfajiri, na 18:10 ndo ile ya jioni. Ukiona namba ya sita kushuka, ongeza sita, ikiwa zaidi ya sita ondoa sita, na jibu likizidi kumi na mbili ondoa tena kumi na mbili. Na mama, sita zetu zinatoka kwenye jua, jua likichomoza saa ni kumi na mbili, sasa kule jua lenyewe halieleweki. Mwezi wa sita Köln linazama karibu saa nne usiku, mwezi wa kumi na mbili Berlin saa kumi jioni kiza kimeingia. Ramadhani yangu ya kwanza iliangukia kwenye zile siku ndefu, sitaki hata kusimulia. Mwezi wa tisa umechagua vizuri, usiku na mchana zinalingana, utajisikia kama Lindi isipokuwa koti usiache.

Visa: ile ya Schengen moja inakupitisha nchi 29, Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa zote zimo. Unaiomba ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, kwako ni Ujerumani, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na wanataka bima ya safari inayolipa angalau yuro 30,000 ukiugua. London itoe mama. Uingereza haimo humo, ni visa nyingine na hela nyingine, hata kama treni ya kutoka Paris inafika kwa saa mbili na ushee. Na ingawa kati ya hizo nchi nne hamna kibanda cha kusimama kugongewa muhuri, pasipoti tembea nayo, umesoma hapo juu yaliyonikuta.

Miji mitano kwa siku 12, samahani mama, hapo utakuwa umeona stesheni tano. Kila ukihama asubuhi imeliwa, kufunga begi, kusubiri, kutafuta hoteli, na treni za Ujerumani huo usemi wa kwamba hazichelewi nani alituambia sijui, huchelewa na wenyewe ndo wa kwanza kulalamika. Ningekuwa mimi ningekaa Berlin siku saba au nane na binti, nikashuka Köln kama saa nne na nusu hivi kwa treni, nikalala usiku mmoja tu kwa ajili ya lile kanisa kuu, maana ukitoka mlango wa stesheni liko usoni kwako, mita 157 kwenda juu, walianza kulijenga 1248 wakamaliza 1880. Miaka mia sita! Sisi fundi akichelewa wiki mbili tunampeleka serikali za mitaa. Halafu Brussels siku tatu, ni chini ya saa mbili kutoka Köln. Amsterdam na Paris zitakuwepo.

Sasa Berlin kuna nini. Mama, wewe ni wa Lindi na unaniuliza Berlin kuna nini? Kuna mjusi wenu! Ule mjusi wa Tendaguru, mifupa iliyochimbwa kwenu kati ya 1909 na 1913, amesimama pale makumbusho ya Naturkunde, mita 13 na zaidi kwenda juu, hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko hiyo duniani. Mifupa zaidi ya tani 200 ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, siku kadhaa za mguu mpaka bandari ya Lindi, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Mi nilienda nikiwa na haraka zangu za mapumziko, nikajikuta nimekaa kwenye benchi chini ya yule mnyama saa nzima, watoto wa shule wanapita na walimu wao wanaambiwa "Tansania", "Tansania", nikawa nataka kunyoosha kidole kama darasani niseme mimi, mimi ndo wa huko. Fahari ipo, na uchungu upo, vinakuja pamoja na huwezi kuvichambua. Nenda na binti, siku yoyote isipokuwa Jumatatu wanafunga.

Ukitoka hapo usipande teksi, shuka chini kwenye treni ya U6, hiyohiyo, nenda mpaka kituo kinaitwa Afrikanische Straße. Mtaa ule unaitwa Wedding, barabara zake nyingi zina majina ya kwetu, kuna Sansibarstraße, Ugandastraße, Kongostraße, waliyaweka enzi za ukoloni na baadaye, kwa majivuno yao. Barabara moja kwa miaka mingi ilikuwa inakumbusha jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, wewe mwalimu huyo unamjua kuliko mimi. Tangu Agosti 2024 jina hilo limetoka, kipande kimoja kina jina la Anna Mungunda wa Namibia, na kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee. Mtaa wa kawaida tu mama, maghorofa, miti, watu wanatoa mbwa matembezi. Lakini simama chini ya kile kibao upige picha, wewe unayetoka kusini ambako vita ile ya 1905 mpaka 1907 iliacha vijiji vitupu kwa njaa.

Mengine madogo. Tiketi ya karatasi ukishanunua Berlin igonge muhuri kwenye kile kiboksi kabla hujapanda, hamna geti wala mtu wa kukuzuia, unaingia kama kwako, ila wakaguzi wanapanda wamevaa nguo za kawaida na faini ni yuro 60. Jumapili maduka yamefungwa, nunueni chakula Jumamosi, ikishindikana maduka ya ndani ya stesheni kubwa ndo kimbilio. Chupa za plastiki usitupe, rudisha supamaketi kwenye mashine unapata mpaka senti 25 kila moja, mi nauli ya wikiendi nyingine ilitoka humo. Na ukipita mahali ukaona kibao "Schule", ndiyo, ni shule, neno lao tulilichukua tukabaki nalo, kama hela tulivyoichukua kwenye sarafu yao ya Heller.

SWALI: Shangazi, mimi niko Mombasa, nimeskia Ulaya vyooni hamna maji, ni karatasi tu. Mwezi ujao ofisi yanipeleka Lisbon na Roma wiki moja. Wallahi hili jambo lanikosesha usingizi kuliko hata ndege. Niambie ukweli.

JIBU: Ukweli ni karatasi, mpwa wangu, karibu kote nilikopita, na choo cha stesheni unalipia yuro moja kwenda kukutana na hiyo karatasi. Ila wewe una bahati ya hiyo miji miwili. Roma kila nyumba ina lile beseni dogo la kujisafishia pembeni ya choo, Wataliano tangu 1975 ni sheria kabisa nyumba iwe nalo, na wao wakisafiri Ulaya nyingine wanalalamika kama sisi. Lisbon pia utalikuta kwenye nyumba na hoteli nyingi. Nje ya chumba chako beba chupa ndogo ya maji kwenye begi, hakuna atakayekuuliza.

Na Lisbon usiogope lugha, wewe wa Mombasa ukikaa ukasikiliza utadhani mtu anakusema. Meza wanasema "mesa", bendera "bandeira", leso "lenço", kanisa lao "igreja" ndo likaja kwetu likawa gereza, na unajua mwenyewe Fort Jesus imekaa vipi pale. Hata kopo ni neno lao, "copo", ingawa kwao ni la kunywea, kwa hiyo mgahawani ukiomba kopo wakakuletea bilauri usicheke.

Kule Köln mi nilikuwa na chombo cha kumwagilia maua, kile chenye mdomo mrefu, cha kijani, nilikinunua yuro tatu nikakiweka chooni, hakuna kitu kilichonifaa kama kile. Miaka sita mwenye nyumba wangu kila akija kukagua mabomba anakiona, anazunguka sebuleni mpaka dirishani, anarudi ananiuliza kwa upole, samahani, maua yenyewe yako wapi?